Watatu wa Singida na Mmoja wa Ulyankulu

Tarehe 23 Januari 2025 nilikuwa nyumbani Singida kwa likizo fupi, nimekaa kwenye kijiwe cha bodaboda karibu na stendi ya Misuna nikisubiri mvua ikatike. Simu zikaanza kuita moja baada ya nyingine. Idara ya Uhamiaji ilikuwa imetoa taarifa, na kijana mmoja akaisoma kwa sauti kama anatangaza mechi: Emmanuel Keyekeh wa Ghana, Arthur Bada wa Ivory Coast na Damaro Camara wa Guinea, wote wachezaji wa Singida Black Stars, wameomba na wamepewa uraia wa Tanzania.

Kijiwe kikalipuka. Mmoja akauliza kama sasa hao ni Wanyaturu au Wanyiramba. Mwingine akasema bila shaka Kinyaturu chao kitakuwa kizuri kuliko cha watoto wake waliozaliwa Dar. Mzee mmoja, abiria, akasema tuwaache, ila waelezwe mapema kwamba ugali wa huku ni wa uwele, wasije wakaomba uraia wao warudishiwe.

Nilicheka kama wengine. Halafu nikatoka pembeni nikampigia simu rafiki yangu ambaye nitamwita Sita, kwa sababu ndiyo jezi aliyokuwa anavaa tulipokuwa shule.

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia, kaka."

"Unasemaje?"

"Niseme nini? Wamewahi foleni."

Nitarudi kwa Sita. Kwanza nieleze kwa nini habari ile ilinikaa kichwani mpaka leo, wakati mashabiki wengi walishaisahau mzunguko wa pili wa ligi ulipoanza.

Sheria ya Uraia ya Tanzania, ile ya 1995, inamtaka mgeni anayeomba uraia wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Sasa piga hesabu. Keyekeh, msimu mmoja tu nyuma, alikuwa bado anacheza kwao Ghana katika klabu ya Samartex. Sheria hiyohiyo inampa waziri nafasi ya kutumia hiari yake, na hapo ndipo mlango ulipofunguka. Sina ugomvi na vijana hao watatu. Mpira ni kazi, na mtu akikuta mlango uko wazi anapita. Ninachotazama ni mlango.

Wengi walidhani wamepewa uraia ili waisaidie Taifa Stars. Hapana. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji aliyepata uraia mpya, bila kuzaliwa katika nchi hiyo wala kuwa na mzazi au babu au bibi aliyezaliwa humo, lazima awe ameishi hapo angalau miaka 5 ndipo avae jezi ya taifa. Kwa mtu aliyefika mwaka 2024, hiyo ni 2029. AFCON ya 2027, ambayo tutaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, itakuwa imeshapita. Lakini Ligi Kuu ina kikomo cha wachezaji 12 wa kigeni kwa kila klabu. Ukigeuza wageni watatu kuwa wenyeji, umepata nafasi tatu za kusajili wageni wengine. Uraia wa Jamhuri ya Muungano, kwa lugha ya usajili, ni nafasi.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kuchimba historia. Maana uhusiano wa mpira na taifa kwetu ni wa zamani kuliko taifa lenyewe.

Kabla hatujawa na bendera tulikuwa na timu. Kombe la Gossage lilianza 1926 kama ugomvi wa Kenya na Uganda, na jina lake ni la kampuni ya sabuni ya Uingereza, William Gossage, iliyolitoa. Tanganyika iliingia 1945. Kwa hiyo watu wetu waliitwa kwa mara ya kwanza "timu ya Tanganyika" miaka 16 kabla ya Uhuru, chini ya gavana, wakigombea kikombe cha muuza sabuni. Hakuna aliyewauliza cheti. Mpira ukawa umekwishachora mpaka kabla Nyerere hajapanda jukwaani.

Ile picha ya Taifa Stars tunayoipenda, iliyo safi, isiyo na hela, ni ya 1979 na 1980. Baba yangu mdogo anaisimulia hadi leo. Vita ya Kagera imetoka kuisha, duka halina sukari, na Redio Tanzania inatangaza mechi kutoka Ndola. Nyumbani Dar tulikuwa tumeshinda 1-0. Zambia wakapata bao lao, na nchi nzima ikanyamaza, hadi Peter Tino aliposawazisha dakika za mwisho. Baba mdogo anasema kijijini kwao Iramba kulikuwa na redio mbili, na zote mbili betri zake zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya kufika dakika ya 90. Tino alifunga zikiwa zinakoroma.

Tukaenda Lagos Machi 1980. Tukafungwa na Nigeria 3-1, tukafungwa na Misri 2-1, tukatoka sare 1-1 na Ivory Coast. Thuwein Ally alifunga mabao mawili, Juma Mkambi moja. Ndio hivyo, tukarudi nyumbani. Tulisubiri miaka 39 kurudi tena.

Waliocheza na kufundisha wakati ule walikuja kuwa watu wa mambo makubwa. Leodegar Tenga, nahodha, aliiongoza TFF kwa miaka mingi. Joel Bendera, aliyekuwa kwenye benchi la ufundi siku ya Ndola, alikuwa mbunge, naibu waziri wa michezo na mkuu wa mkoa. Tino mwenyewe hakuwa na vyeo hivyo. Machi 2019, Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu tena, Rais Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu akawagawia viwanja Dodoma, na siku hiyo Tino naye akakumbukwa. Miaka 40 baada ya bao.

Jambo jingine la 1980 halisimuliwi vijiweni. Mwaka huohuo Serikali ya Nyerere iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000 kwa mkupuo. Nimejaribu kuwauliza wazee wa mpira kama walilisikia. Wanakumbuka kona iliyopigwa Ndola, hilo hawalikumbuki. Nadhani ni kwa sababu halikuleta kelele. Nchi maskini iliyotoka vitani ilikuwa inagawa uraia kwa watu ambao hawakuwa na chochote cha kuipa, wala bao.

Baada ya hapo hela ikaingia polepole. Kikwete alipoingia madarakani, Serikali yake ilibeba mshahara wa kocha wa Taifa Stars, Mbrazili Marcio Maximo, aliyefika 2006. Mwaka uliofuata tukapata uwanja mpya wa watu 60,000 kwa msaada wa China. Maximo alitufundisha kununua jezi. Mimi nilinunua yangu ya kwanza Kariakoo, feki, rangi ikatoka kwenye ndoo ya pili. Juni 2010, mwaka wa uchaguzi, Brazil yenyewe ikaletwa Dar kabla ya Kombe la Dunia, ikatufunga 5-1, na watu walishangilia bao la Jabir Aziz kuliko matano ya wageni. Sikumbuki nani alitaka kujua gharama.

Kisha ikaja awamu ya "goli la mama". Mwaka 2023 Rais Samia alianza kununua kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika kwa shilingi milioni 5. Stars walipofuzu AFCON mwaka huo walipata milioni 500, na walipofuzu tena Novemba 2024 kwa kuifunga Guinea 1-0 wakapata milioni 700. Siwanyimi. Mchezaji anastaafu na miaka 33 na goti bovu. Ila angalia jinsi lugha ilivyobadilika. Zamani bao lilikuwa la Tino. Siku hizi bao lina mwenyewe hata kabla halijafungwa.

Sasa Singida. Mkoa wetu unajulikana kwa alizeti, kuku wa kienyeji, vitunguu na upepo. Mpira wa juu hatukuwa nao kwa muda mrefu. Uwanja tunao, zamani ukiitwa Namfua, siku hizi Liti, jina la mwanamke wa Kinyaturu ambaye wazee wanasimulia kuwa aliwatimua Wajerumani kwa nyuki. Mwenye uwanja ni CCM, kama ilivyo kwa viwanja vingi vya mikoani vilivyojengwa enzi za chama kimoja, wakati michango ya wote ilikuwa ya chama, kwa sababu chama kilikuwa ni wote. Mfumo wa vyama vingi ulirudi 1992. Viwanja havikurudi.

Singida United ilipanda Ligi Kuu 2017, ikiwa na kocha Mholanzi Hans van der Pluijm, wachezaji kutoka nje na mdhamini kifuani. Juni 2018 ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho pale Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Nilikuwa pale kama mwandishi, nikijifanya sina upande. Miaka miwili baadaye timu ikashuka daraja, na mishahara iliyokuwa inasifiwa ikageuka kuwa hadithi za madeni. Mwaka 2022 tukapata timu nyingine, Singida Big Stars, ambayo awali ilikuwa DTB, timu ya benki. Mwaka uliofuata ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka mwingine Fountain Gate wakahamia Babati, na Ihefu, timu ya Mbarali, Mbeya, ikaja kwetu na kuitwa Singida Black Stars. Kwa hiyo shabiki wa Singida amebadilisha jezi mara tatu bila kuhama nyumba. Jirani yangu ana watoto wanne na kila mmoja anavaa ya timu tofauti, zote "za nyumbani".

Katika hadithi hii kuna jina ambalo kila mwenyeji atakutajia hata usipouliza: Mwigulu Nchemba, mbunge wa Iramba Magharibi, yule wa skafu ya bendera ya taifa shingoni, waziri wa wizara nzito kwa miaka na tangu Novemba 2025 Waziri Mkuu. Hajawahi kuficha mapenzi yake kwa timu za mkoa, na vijiweni wanamwita mlezi. Mimi sina cha kuongeza hapo, ila nasema hivi: Singida haijawahi kuwa na timu kubwa iliyosimama kwa viingilio vya watu wa Singida. Timu zetu zote zimekuja na mtu au kampuni, na zimeondoka kwa namna hiyohiyo. Tumekuwa wenyeji wa timu zetu kama mwenye nyumba ya wageni anavyokuwa mwenyeji wa wapangaji.

Basi ndio maana ule uraia wa watatu haukunishangaza. Ukizoea kuona timu nzima inabadilishiwa nyumbani kwa barua, wachezaji watatu ni kitu gani?

Nirudi kwa Sita. Tulikutana 2005, kidato cha pili, shule ya bweni mkoani Tabora. Kwao ni Ulyankulu. Babu na bibi yake walikimbia mauaji ya Burundi ya 1972, na Serikali ikawapa watu kama wao ardhi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wakalima tumbaku na mahindi, wakalipa kodi, wakajenga shule. Baba yake alikulia pale. Sita alizaliwa pale. Ukisoma kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia utaona kwamba anayezaliwa katika Jamhuri ya Muungano ni raia, isipokuwa watoto wa mabalozi na wachache wengine. Kwa vitendo, mtoto wa mkimbizi alihesabiwa mkimbizi, na mjukuu vilevile.

Alikuwa kiungo. Si wa mbwembwe, wa kuiba mpira na kuutoa upesi. Mwaka 2007 alichaguliwa katika timu ya mashindano ya shule ngazi ya mkoa. Tulimchangia soksi. Siku mbili kabla ya safari mwalimu mmoja akamwita pembeni akamwambia kuna mambo ya makaratasi, asubiri mwakani. Jina likatolewa bila kelele. Yule mwalimu alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililoniumiza, kwa sababu hatukuwa na wa kumchukia. Jioni Sita alifua jezi namba 6, akaikunja, akamkabidhi aliyechukua nafasi yake. Mwakani haikufika. Tulimaliza shule.

Mwaka huohuo wa 2007 ndipo Serikali ilipowauliza wakimbizi wa 1972 kama wanataka kurudi Burundi au kuwa Watanzania. Kufikia 2010 zaidi ya 162,000 walikuwa wamekubaliwa uraia, lakini hati zilizuiliwa, kwa sababu mpango ulikuwa kwamba kwanza wahame makazi yao watawanywe mikoa mingine. Mpango ukakwama. Hati zikaanza kutolewa Oktoba 2014. Babu yake Sita alikuwa ameshazikwa Ulyankulu. Sita alipata yake akiwa na miaka 25, umri ambao kiungo ndio anaanza kuujua uwanja, kama alikuwa uwanjani. Yeye alikuwa kwenye Fuso, akisomba vitunguu kutoka Singida kwenda Dar. Alipata mke Mnyiramba, akahamia huku.

Nimewahi kumwambia habari ya Joe Gaetjens, nikidhani itamfurahisha. Juni 1950 Marekani iliifunga Uingereza 1-0 kule Belo Horizonte, Brazil, moja ya matokeo ya ajabu zaidi katika Kombe la Dunia. Mfungaji alikuwa Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa New York akisoma na kuosha vyombo mgahawani. Hakuwa raia wa Marekani. Alitamka tu kwamba ana nia ya kuwa raia, na siku zile hilo lilitosha. Pembeni yake walikuwemo Joe Maca wa Ubelgiji na Ed McIlvenny wa Scotland, aliyekuwa nahodha siku ile. Marekani nayo ilikuwa na watatu wake. Gaetjens hakuwahi kuuchukua uraia wenyewe. Alirudi Haiti, na Julai 1964 watu wa Duvalier wakamkamata kwa sababu ndugu zake walikuwa wapinzani. Hakuonekana tena.

Sita alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Sasa Marekani walimtafuta?"

Nikakosa jibu la kumpa. Bao lilikuwa la Marekani. Mtu aliyepotea alikuwa wa Haiti.

Desemba 2025 nilikuwa Singida tena. Ilikuwa mwisho wa mwaka ambao wengi wetu hatukuwa na hamu ya kushangilia kitu. Mnaukumbuka Oktoba ulivyokwisha, na siku zile tulizokaa bila intaneti. Taifa Stars ilikwenda Morocco ikiwa na kocha wa muda Miguel Gamondi, aliyetolewa moja kwa moja kutoka benchi la Singida Black Stars. Utani ukawa kwamba safari hii Singida imeazima kocha kwa taifa badala ya kuazima uraia. Tuliangalia mechi ya Nigeria nyumbani kwa Sita, yeye, mimi na watoto wake wawili, kwenye televisheni ambayo picha ilikuwa inakata kila upepo ukizidi. Tulikuwa nyuma bao moja. Mara tu baada ya mapumziko Charles M'Mombwa akasawazisha.

Watoto walitoka nje mbio wakipiga kelele. Mtaa mzima ulipiga kelele. Kumbe hamu ilikuwepo. Nigeria walikuja kushinda 2-1, lakini hilo lilikuwa bado.

Sita hakusimama. Aliniuliza, "Huyu ni wa wapi?"

"Mzaliwa wa Kigoma. Kakulia Australia."

"Wazazi?"

"Wametokea Kongo."

Alinyamaza. Mpira ulikuwa umeshaanza tena katikati ya uwanja. Mkubwa wa watoto akarudi ndani anahema, akauliza nani kafunga, na Sita akamvuta karibu na kioo.

"Subiri," akamwambia. "Wataonyesha tena. Mwangalie anavyoutuliza."

Picha ikakata.